Mistari Minane ya Ukurasa wa Themanini na Moja

Mimi ndiye mwandishi wa maelezo namba 112. Nikimwambia hivyo mtu aliyesoma sekondari katika miaka ishirini na tano hivi iliyopita, hucheka, kisha huanza kuyakariri: "Ukimya wa Mama si ukimya wa kinywa, bali ni ukimya wa moyo." Fundi aliyekuja kuziba bomba la jikoni kwangu aliyatoa yote, mstari kwa mstari, kichwa kikiwa ndani ya kabati la sinki. Daktari wa macho aliyasema huku amenishika kidevu. Si waandishi wengi wanaopata bahati hiyo, nami kwa miaka mingi niliipokea kichwa kikiwa kimenivimba.

Maelezo yenyewe yako chini ya ukurasa wa themanini na moja wa ile tanzia ya kale inayosomwa shuleni. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Kijana ameapa mbele ya watu kwamba atalipiza kisasi cha baba yake, aliyeuawa na ndugu yake mwenyewe kwa ajili ya kiti cha utawala. Alfajiri ya siku ya mwisho anapita nyumbani kuaga. Mama yake yuko mlangoni. Kijana anasema anakwenda. Mama hasemi neno. Kijana anamwambia, "Usiniambie hivyo, Mama. Nikikaa sitanyanyuka tena." Kisha anaondoka, na kabla jua halijawa kali analetwa amebebwa.

Sasa, kama Mama hakusema neno, kijana anajibu nini? Kila mwanafunzi mwenye akili zake huuliza, na hapo ndipo maelezo namba 112 yanapoingia, mistari kumi mizima: kwamba Mama ni mkavu wa moyo, kwamba kiburi cha ukoo kimemfunga ulimi, na kwamba kijana kwa uchungu wake anajibu sauti aliyoisikia kichwani mwake. Mitihani imeuliza habari hiyo hata nimeacha kuhesabu. "Jadili ukimya wa Mama." Mwenye kukariri namba 112 anapita.

Ni uongo. Mama alisema. Alisema mistari minane, nami ndiye niliyeifuta.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, mwalimu mwenye sifa, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuandaa toleo la kwanza la wanafunzi, lenye maelezo. Niliandika maelezo kwa uchu. Neno likiwa na maana mbili nililipa aya tatu. Kitabu kilipopangwa kiwandani kikapita kurasa tisini na sita kwa mistari minane tu. Vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa kurasa kumi na sita kumi na sita, kwa hiyo mistari minane ile ingedai karatasi nyingine nzima, na nyumba ya uchapishaji haikutaka hata kusikia. Mchapaji, mzee mpole mwenye wino hadi viwikoni, akaniambia, "Mwalimu, punguza popote upendapo. Mistari minane tu."

Ningeweza kupunguza maelezo yangu. Kwenye ukurasa wa themanini na moja kulikuwa na mistari kumi niliyoandika juu ya aina za panga, upi ni wa farasini na upi ni wa miguuni, jambo ambalo hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Lakini nilikuwa nimehangaika wiki mbili kuyapata yale ya panga. Nikaangalia juu yake, nikaona maneno ya Mama. Hayakuwa na sitiari wala tashbihi, hayakuwa na neno gumu. Hapakuwa na kitu cha kueleza. Nikayapiga mstari mwekundu, nikijiambia kwamba chapa ya pili nitayarudisha.

Chapa ya pili ilipokuja, kulikuwa na barua ya mwalimu mmoja akiuliza kijana anajibu nini. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilifuta yale ya panga, mahali pale pale nikaandika namba 112. Nilipoisoma nikaipenda. Tangu siku hiyo kitabu kimechapwa mara kumi na tisa.

Kwa hiyo nilipopigiwa simu mwaka huu na kuombwa niandae toleo jipya, lenye jalada jipya na maelezo yaliyosafishwa, nilikubali kabla mhariri hajamaliza sentensi. Nilipiga moyo konde. Nilijiambia, safari hii Mama atasema, hata kama itakuwa kazi ya mwisho ya mikono yangu. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, nikiosha vyombo. Kisha nikaanza na ukurasa wa kwanza, nikaenda taratibu kuliko kobe, maana ukurasa wa themanini na moja ulikuwa unaningoja.

Aliyekuwa akinichapia kwenye kompyuta ni binti yangu. Yeye ni mtaalamu wa maabara hospitalini, alikuwa likizo, na vidole vyangu siku hizi haviaminiki. Tulikaa mezani sebuleni kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi nikisoma, yeye akichapa. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi vilevile. "Mama, neno hili umelieleza ukurasa wa kumi, unafikiri watoto wana ubongo wa kuku?" Nilifuta mengi kwa sababu yake.

Binti yangu huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, swali lilikuwa lile lile la ukimya, na yeye, peke yake katika darasa la watoto arobaini, hakukariri namba 112. Aliandika kwamba kijana hawezi kuwa anajibu hewa, kwamba jibu lake linaonyesha ameombwa akae, na kwamba bila shaka kuna maneno ya Mama yaliyopotea kitabuni. Nilisoma karatasi ile nikiwa nimesimama. Kisha nikampa tano kati ya ishirini, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikaandika, "Soma maelezo." Mwaka uliofuata alichagua masomo ya sayansi. Hakuniambia kwa nini, nami sikuthubutu kuuliza.

Tulipofika ukurasa wa themanini na moja niliuruka, tukamaliza na kupeleka kurasa zilizofuata; Jumatatu ya wiki ya mwisho ukabaki huo peke yake. Nikaanza kumsomea kwa haraka, na yeye akaacha kuchapa.

"Mama."

"Nakusikia."

"Hapa bado pana pengo."

"Endelea tu kwanza, mwanangu, tutaparudia."

"Tumeparudia miaka ishirini na miwili." Hakupandisha sauti. "Mimi kazi yangu ni kuangalia damu ya watu. Kitu kikikosekana kwenye damu, sikisingizii moyo. Naandika kinakosekana. Huyu kijana ameambiwa kitu. Kaambiwa nini?"

Ningeweza kumwambia asome maelezo. Midomo ilishafunguka. Badala yake niliinuka, nikaenda chumbani, nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, nikatoa kile kitabu chembamba cha zamani, toleo la waigizaji lisilochapwa tena, lisilo na maelezo hata moja, nililofanyia kazi wakati ule. Nikakiweka mbele yake kikiwa wazi. Mstari mwekundu ulikuwa umepauka, lakini maneno yalisomeka.

Aliyasoma kwa sauti, kwa ile sauti kavu ya kusoma majibu ya vipimo:

"Maji ya kunawa nimeyaweka hapa mlangoni.
Chakula bado cha moto, nimekifunika.
Shati lako la kazi limekwisha kukauka,
na kifungo kilichong'oka nimekirudishia.
Sikuulizi uendako, wala kwa nini.
Kiti chako kipo pale pale.
Keti kidogo, mwanangu. Kula kwanza.
Hao wanaokungoja, na wangoje."

Kisha akasoma jibu la kijana: "Usiniambie hivyo, Mama. Nikikaa sitanyanyuka tena." Hapo akaweka kidole juu ya ule mstari mwekundu. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno yale yakisemwa na kujibiwa, na nilijua papo hapo kwamba hakuna mahali pazuri zaidi katika tanzia nzima. Nami nilipafuta kwa ajili ya panga.

"Mstari huu mwekundu ni wako," alisema.

"Ni wangu."

"Kwa hiyo ulipokuwa unasahihisha karatasi yangu, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ulijua kwamba niko sahihi."

"Nilijua, mwanangu."

Aliangalia ile kalamu nyekundu mezani, ile ninayotumia hadi leo, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Nilikesha wiki nzima nikiyasoma yale maelezo yako," alisema. "Niliyasoma nikaona mimi ndiye mjinga. Nilijiambia kumbe mambo haya yana watu wake." Akainuka, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningepata nafuu.

Sikulia. Kulia kungekuwa njia ya kutaka niombwe radhi mimi, na aliyekosewa si mimi. Nilivaa viatu vya kutokea, nikatia kile kitabu chembamba mkobani, nikaenda kwa mhariri bila miadi.

Mhariri tunamwita Bwana Sentimita, kwa sababu rula haimtoki mfuko wa shati. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya shule, na imejaa mabunda ya kurasa hata mgeni anakalia kamusi. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye heshima, na kama wenzake wote ni mtoto wa namba 112.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo umetuamulia!"

"Marahaba. Nimekuja kubadilisha ukurasa wa themanini na moja."

Uso ukamshuka. Nilimwekea kitabu mezani, nikamweleza yote, kuanzia panga hadi karatasi ya binti yangu. Alisikiliza kalamu ikiwa mdomoni. Nilipomaliza akaisoma ile mistari minane, akairudia, akavua miwani.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilipata kumi na nane kwa ukimya wa Mama. Unataka kuninyang'anya alama zangu leo na watoto watatu nyumbani?"

"Baki nazo. Nataka wanao wasizipate kwa njia hiyo."

Akacheka kidogo, lakini aliacha haraka. Akaanza kunihesabia matatizo. Kurasa za mbele, kuanzia themanini na mbili, zilishafungwa na kupelekwa kiwandani. Faharasa ilishakamilika. Kitabu kinachapwa Ijumaa. Ukurasa wa themanini na mbili ukisogea mstari mmoja tu, kila kitu mpaka mwisho kinakwenda kombo. Na watunga mitihani watasema nini, na walimu waliofundisha ukimya maisha yao yote?

"Watafundisha maneno," nilisema. "Ni rahisi zaidi."

"Tuyaweke nyuma, kwenye kiambatisho."

"Wewe ulipokuwa shule ulisoma kiambatisho?"

Akazunguka meza, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, ya kunihurumia kwelikweli: "Basi tufanye hivi. Tunayarudisha, halafu tunaandika kwamba yalidondoka kwa makosa ya kiwandani. Yule mchapaji wa zamani alishafariki, Mungu amrehemu, na kiwanda kile kilishafungwa. Hatalaumiwa mtu aliye hai. Jina lako linabaki safi."

Nitasema ukweli, niliyatamani maneno hayo. Nilimwona fundi bomba akitoa kichwa kabatini. Nilimwona daktari wa macho. Miaka sitini na sita si umri wa kuanza kuchekwa barabarani. Lakini nilimkumbuka pia mzee yule na wino wake hadi viwikoni, aliyeniambia nipunguze popote nipendapo, nikapenda kupunguza pale.

"Yule mzee hakuangusha hata nukta," nilisema. "Aliyefuta ni mimi, na itaandikwa ni mimi."

Bwana Sentimita akatoa rula. Nafikiri alidhani rula itanishinda mahali ambapo maneno yalishindwa. Akaipima nakala ya ukurasa mbele yangu: ukurasa una mistari thelathini na minne, si zaidi. Tanzia yenyewe imechukua kumi na minne, mmoja mtupu wa kutenganisha, tisa ya maneno magumu, na kumi ya namba 112. "Umejaa pomoni," alisema. "Ukinipatia nafasi ya mistari minane humu humu, bila kugusa ukurasa mwingine wowote, mimi nitaupeleka kiwandani kwa miguu yangu. Vinginevyo, Mwalimu, naomba unisamehe."

Nikachukua kalamu yake, nikapiga mstari mmoja mrefu juu ya namba 112, kutoka pembe hadi pembe.

"Mwalimu!" Alishtuka kama nimemkanyaga. "Hayo ndiyo watu wanayokujua kwayo!"

"Kumi ukitoa nane?"

"Mbili," alisema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Hiyo miwili ndiyo maelezo yangu mapya. Nitakutumia."

Nikamrudishia kalamu yake, nikashuka ngazi.

Binti yangu hakuja Jumanne, na simu yangu hakupokea. Nilichapa mwenyewe ile mistari minane, kidole kimoja kimoja, nikifuta na kuanza upya, mpaka shingo ikakakamaa. Jumatano niliandika maelezo. Mistari minane ya Mama haikuhitaji ufafanuzi wowote, kila mtu anajua chakula cha moto ni nini. Kilichohitaji maelezo ni mimi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikamtumia Bwana Sentimita. Kisha nikamtumia binti yangu maneno yale yale kwa simu, bila neno jingine lolote.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana aliingia bila kubisha, akavuta kiti chake, akawasha kompyuta. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alichosema ni, "Umechapa 'kifungo' kwa herufi kubwa. Unakiheshimu sana?" Nikacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Akafungua maelezo mapya, akayaangalia muda mrefu. Yalikuwa hivi:

"Mistari hii minane niliiondoa mimi, mwandishi wa maelezo,
kwa sababu nafasi ya ukurasa haikutosha.
Mwanafunzi mmoja aligundua, nami nikamnyima alama."

Kabla hajasema kitu, simu ikalia. Nikaiweka mezani wote tusikie.

"Mwalimu, nimepima," alisema Bwana Sentimita. "Nimepima mara mbili. Maelezo yako ni mistari mitatu, nafasi ni miwili. Nimejaribu kupunguza herufi, inakataa. Mchapaji anangoja, niko naye kwenye simu nyingine. Mstari mmoja lazima utoke, na utoke sasa hivi."

"Ondoa wa tatu," alisema binti yangu haraka, bila kunitazama. "Huo wa mwanafunzi. Ni mambo ya mimi na wewe, Mama, wasomaji hayawahusu. Weka ule wa sababu, angalau watu waelewe, wasikuone mbaya."

Alikuwa ananihurumia. Baada ya yote yale, bado alikuwa anataka watu wasinione mbaya. Niliangalia ule mstari wa pili, nafasi ya ukurasa haikutosha, mstari nilioutunga kwa uangalifu kuliko yote, na nikakumbuka nilivyojiambia maneno hayo hayo kiwandani kwa yule mzee, na mbele ya karatasi yenye tano kati ya ishirini, na kila mara fundi au daktari aliponikariria namba 112 nami nikatabasamu. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa imejaa panga, kisha ikajaa mimi.

"Mwanafunzi anabaki," nilisema. "Toa sababu."

"Mama, bila sababu utaonekana—"

"Nitaonekana nilivyo. Toa."

Akaweka kidole kwenye kitufe, akaufuta mstari wa pili herufi kwa herufi kutoka mwisho, na ule wa tatu ukapanda ukakaa chini ya wa kwanza. Akautuma ukurasa mzima. Kwenye simu tulisikia karatasi ikitoka mashineni, na rula ikiwekwa juu yake. Alikuwa anahesabu kwa mdomo, polepole, na binti yangu naye akahesabu pamoja naye akiwa ameniegemea begani.

"Thelathini na mbili," alisema Bwana Sentimita. "Thelathini na tatu. Thelathini na nne." Tukasikia rula ikiinuliwa. "Mwalimu, nafasi imetosha."